Mshumaa Mweupe wa Dukani: Je, Una Kitu cha Mnyama?

Jioni moja umeme umekatika hapa Mtwara mjini, binti mmoja wa chuo alinijia na pakiti ya mishumaa. Ameacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Akaniuliza, "Mtaalamu, shikamoo. Huu nao una mnyama ndani?"

Swali lake ni la haki, nami nalijibu hapa kwa wote.

Sehemu kubwa ya mshumaa mweupe wa kawaida ni parafini, nta inayotolewa kwenye mafuta ghafi yanaposafishwa. Hiyo haimhusu mnyama wa kufugwa. Penye utata ni stearini, inayochanganywa humo ili mshumaa uwe mgumu na mweupe, usilegee kwa joto kama hili letu la pwani, na utoke vizuri kwenye kalibu. Stearini huweza kutoka kwenye mawese. Huweza pia kutoka kwenye shahamu ya ng'ombe au kondoo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyechambua asidi za mafuta ya wanyama, na mwaka 1825 yeye na Joseph Louis Gay-Lussac walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutengenezea mishumaa kwa asidi hizo.

Nilivunja mmoja mbele yake. Ndani mweupe, utambi wa pamba katikati, hauna harufu. Basi usijisumbue kuunusa: asidi ya steariki iliyomo kwenye stearini ina atomi 18 za kaboni, iwe ya mchikichi au ya ng'ombe, ni kitu kilekile. Tofauti iko kwenye asili yake, na asili haionekani kwa macho.

Mshumaa wa nta ya nyuki hauna mjadala. Nyuki huitoa nta hiyo kwenye tezi zilizo chini ya tumbo lake ili ajengee masega. Wafugaji wa nyuki wa Liwale wanaijua vizuri rangi yake ya manjano na harufu yake ya asali. Ni nta nzuri sana, ila kwa asiyetumia chochote cha mnyama, haifai.

Maneno "nta safi" kwenye pakiti hayatoshi. Tafuta palipoandikwa kuwa ni parafini tupu, au nta ya mimea kwa asilimia 100, kama soya au nazi. Pasipoandikwa, muulize mtengenezaji waziwazi: stearini yenu ni ya mawese au ya shahamu? Wanaomimina mishumaa nyumbani nao wamuulize anayewauzia nta.

Binti yule aliigeuza pakiti, akamulika kwa simu, akaanza kunakili namba ya kiwandani.