Mzigo mwepesi si lazima uwe na nauli ndogo

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, wengi bado tunaamini kwamba wakala anayetununulia bidhaa Guangzhou, China, hutoza kilo za mizani tu, hivyo bili ikizidi hapo tumeibiwa. Sivyo. Kwenye ndege nafasi nayo hulipiwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000 (wengine hugawanya kwa 5,000). Boksi la midoli la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20, hata kama mizani inasoma 7, na uzito mkubwa ndio unaolipiwa. Inaniuma kuona mtu akigombana na wakala mwaminifu kwa sababu hii. Mwombe apunguze vifungashio na akutumie vipimo kabla hujalipa. Kwa meli, kawaida hesabu ni mita za ujazo.