Mafundi kukaa sehemu moja siyo kuuana biashara

Hapa Tanga utasikia, usifungue karakana karibu na fundi mwenzio, mtakufa njaa wote. Imani ya siku nyingi hiyo, ila haiko hivyo. Kaa nusu saa kwa maseremala wa Ngamiani uone, randa ya huyu ikizingua anavuka tu barabara anaazima kwa jirani, kazi ikimzidi anampa mwenzie kabati mbili, na mteja anakuja palepale sababu anajua asipopata kwa huyu atapata kwa yule. Alfred Marshall, mchumi wa Uingereza, aliliandika hili toka 1890. Siku hizi biashara za aina moja kukaa pamoja hivi wanaita kongano.

Mkonge wetu ndo mfano mkubwa. Uliletwa 1893, na jani likishakatwa halisubiri, lazima lifike korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, mapema kabla halijakauka, kwa hiyo mashamba, korona, reli, bandari mpaka watafiti wa kituo cha kilimo cha Mlingano wakajikuta mkoa mmoja. Ushindani upo, sikatai, bei zinabanana kweli. Kilichotuumiza sisi lakini siyo ujirani, ni kutegemea kitu kimoja, kamba za plastiki zilipoingia sokoni mashamba mengi yakageuka pori.