Ratatouille: kila mboga na zamu yake kikaangoni

Wateja wengi wakisikia ratatouille husubiri sahani ya vipande vya duara vilivyopangwa kwa urembo. Chakula hicho ni kitamu, ila kiko karibu zaidi na tian, mboga za kupangwa za eneo la Provence, kusini mwa Ufaransa, zinazopikwa kwenye oveni. Ratatouille ya Nice, mji wa huko huko, haina mapambo. Ni biringanya, zukini, pilipili hoho, vitunguu na nyanya, vyote vimelegea ndani ya mafuta ya zeituni, na bado ukikitia kipande mdomoni unajua ni kipi.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Ukitupia kila kitu sufuriani kwa mpigo utapata rojo lenye ladha moja, na anayeharibu ni maji. Zukini na nyanya ni maji kwa takriban asilimia 95. Biringanya haiko mbali. Maji yakijaa, joto la sufuria halivuki nyuzi 100, wakati mboga huhitaji kama nyuzi 140 ndipo ianze kupata rangi ya kahawia na ile ladha ya kukaangwa.

Kwa hiyo nakaanga kwa zamu. Watu 4 wanatosheka na biringanya gramu 500, zukini gramu 500, hoho nyekundu 2, vitunguu vikubwa 2, nyanya mbivu gramu 700 na punje 4 za kitunguu saumu. Vipande viwe vya sentimita 2 hadi 3. Vidogo zaidi vitasagika.

Biringanya ina maringo. Nyama yake imejaa vijitundu vya hewa, hivyo hunywa mafuta kama sifongo. Naipaka chumvi, naiacha kwenye chujio nusu saa, kisha naikausha kwa kitambaa. Wengi husema chumvi ni ya kutoa uchungu, lakini biringanya za siku hizi hazina uchungu wa kusumbua. Kazi yake hasa ni kuvuta maji ili vile vitundu visinyae na mafuta yasipate pa kujificha. Kisha moto mkali, vipande visirundikane, vikipata rangi natoa. Zukini vivyo hivyo, ila haraka.

Vitunguu na hoho vinataka moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mpaka vilainike kabisa. Usiibe dakika hapa. Nyanya ina asidi, na asidi huchelewesha mboga kulainika, kwa hiyo hoho inayokutana na nyanya ikiwa bado ngumu itakusumbua hadi mwisho. Ndipo natia saumu, nyanya zilizomenywa na thaimu, naacha wazi mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni.

Sasa narudisha biringanya na zukini, nafunika nusu, moto mdogo kabisa, dakika 20 hivi. Nageuza kwa mwiko mara moja au mbili tu. Majani ya rehani huingia baada ya kuzima moto.

(Wanaojivunia uasili wa Provence wakumbuke kwamba nyanya, hoho na zukini asili yake ni Amerika, na biringanya ilitoka Asia.)

Mimi huila kesho yake, bila kuipasha, kwa mkate. Ikibaki, naichemsha kikaangoni, natengeneza vishimo kwa kijiko na kuvunjia mayai humo.