Kumtafuta babu aliyeruka na ndege za mabomu za Ujerumani

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyeolewa Bremen, aliniletea kopo la biskuti lililojaa karatasi za babu wa mumewe. Mavyaa wake alikuwa amefariki, na katika kufungasha vitu vya nyumba wakalikuta kopo juu ya kabati, nyuma ya mashuka. "Wanangu wananiuliza huyu babu alifanya nini vitani," aliniambia. "Baba yao hajui, kwao hilo lilikuwa jambo lisiloulizwa. Mimi kwetu nimelelewa kuhesabu ukoo mpaka babu wa saba. Hawa niwaambie nini?"

Maswali ya namna hii yanazidi kufika katika kitengo chetu cha nyaraka, na mengi yanatoka kwa ndugu zetu waliooa au kuolewa Ujerumani. Wengi wameanza kwa kuandika jina la mtu kwenye intaneti, wakikosa wanadhani habari zake zimepotea. Hazijapotea, ila zimetawanyika.

Anzeni na kilichomo nyumbani. Familia ile iliamini babu alikuwa rubani, na karibu kila familia husema hivyo. Lakini jeshi la anga la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Luftwaffe, lilikuwa na watu wengi zaidi ardhini kuliko hewani: wapiga mizinga ya kutungua ndege, watu wa simu, mafundi, madereva, makarani. Hata kwa walioruka, ndege ya mabomu aina ya Heinkel He 111 kwa kawaida ilibeba watu watano, na Junkers Ju 88 wanne. Rubani alikuwa mmoja tu. Wengine walikuwa mwelekezaji, ambaye alisoma ramani na kuachia mabomu, mtu wa redio, fundi, na mpiga bunduki.

Picha itazameni kifuani, upande wa kushoto. Kuanzia mwaka 1941 walioruka safari za vita walipewa nishani iitwayo Frontflugspange, na ya watu wa ndege za mabomu ina bomu lenye mabawa katikati. Ya shaba ilitolewa kwa safari 20, ya fedha kwa 60, ya dhahabu kwa 110. Picha nyeusi na nyeupe haiwezi kukuambia ni ipi, kwa hiyo msitupe hata karatasi iliyokunjamana: hati ya kutunukiwa nishani hutaja daraja, tarehe na kikosi. Barua za vitani nazo zina namba ya posta ya kijeshi mahali pa anwani. Ikianza na herufi L, mwandishi alikuwa katika kikosi cha Luftwaffe. Namba hizo zilikuwa zikihamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine, hivyo namba bila tarehe haitoshi. Bahasha yenye muhuri wa posta huenda ikawafaa kuliko barua yenyewe.

Hazina ya kopo lile ilikuwa daftari jembamba, Flugbuch, yaani daftari la safari za ndege. Kila mstari ni safari moja: namba yake, jina la rubani, aina ya ndege, alama zake, madhumuni, mahali na saa ya kuruka, mahali na saa ya kutua. Katika safu ya madhumuni neno la kutafuta ni Feindflug, safari ya kwenda kwa adui. Tuliipitia kurasa kwa kurasa, kidole changu kikishuka kwenye safu ya rubani. Jina lilikuwa lilelile safari baada ya safari, na halikuwa la babu. Babu alikuwa mtu wa redio. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi huyu rubani ni nani?"

Hilo ndilo swali ninalotaka kila familia iulize. Ndege ya mabomu ilikuwa chumba chembamba cha watu wanne au watano. Walipangwa pamoja, wakaruka pamoja miezi mingi, na mara nyingi wakafa pamoja. Mwishoni mwa vita Luftwaffe ilichoma sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Njia ya mtu mmoja mmoja kwa hiyo imekatika mahali pengi, lakini pale yake inapokatika ya mwenzake huenda bado ipo. Taarifa za hasara za ndege zilizokusanywa na ofisi ya mkuu wa ugavi wa Luftwaffe hutaja ndege, mahali, na wale wa ndani yake waliokufa, waliojeruhiwa au wasiojulikana walipo. Zimesalia vizuri hadi mwisho wa 1943, baada ya hapo zimepungua sana. Humo mtaona pia asilimia: 100 maana yake ndege imepotea kabisa, na kuanzia 60 kwenda juu kwa kawaida haikurudi tena kazini.

Ili kumpata rubani na wenzake, someni alama za ndege. Ubavuni kulikuwa na herufi na namba nne, mbili kila upande wa msalaba. Chukueni mfano wa 1H+JA, Heinkel iliyoangushwa karibu na Humbie, kusini-mashariki mwa Edinburgh, tarehe 28 Oktoba 1939. Ilikuwa ndege ya kwanza ya Ujerumani kuangukia kisiwa kikuu cha Uingereza katika vita ile, na katika watu wake wanne wawili walikufa, wawili wakatekwa. 1H ni Kampfgeschwader 26, kikosi kikubwa kilichokuwa na simba kwenye nembo yake. J ni herufi ya ndege yenyewe. A ni ya makao ya kikosi kikubwa. Kama mwisho pangekuwa na H, ingekuwa ya Staffel ya kwanza, yaani kikosi kidogo cha kwanza. K ni cha pili, L cha tatu, M cha nne. Someni taratibu, kwa mwanga wa kutosha. Niliwahi kusoma H ya mwandiko wa wino kuwa K, nikaipeleka familia moja kwenye kikosi kisicho chao kwa miezi miwili. Tangu hapo kila herufi naisoma mara mbili, na mtu wa pili anaisoma bila kuambiwa mimi nimeona nini.

Mkishapata majina, andikieni Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani. Ofisi iliyotunza kadi za askari tangu Agosti 1939, ambayo wazee bado wanaiita WASt, ilijiunga nayo Januari 2019, na iko Berlin. Ina kadi za watu zaidi ya milioni 18, kwa hiyo jina tupu halifai kitu. Wekeni tarehe na mahali pa kuzaliwa, na namba ya kibati cha shingoni kama mnayo. Katika Soldbuch, kitabu cha askari, namba hiyo iko ukurasa wa kwanza. Jibu huchukua miezi mingi. Kumbukumbu za mtu hufunguliwa miaka 10 baada ya kifo chake, na kama tarehe ya kifo haijulikani, miaka 100 baada ya kuzaliwa, hivyo ambatanisheni cheti cha kifo mkiweza. Karatasi za vikosi vyenyewe ziko Freiburg, katika tawi la kijeshi la hifadhi hiyohiyo. Kadi za wanachama wa chama cha Nazi ziko Berlin-Lichterfelde. Ombeni na hizo. Najua swali hilo hukaba koo mezani kwa wakwe, lakini msiliache likaulizwe na wajukuu.

Kama ndege ilianguka Uingereza, hifadhi ya taifa ya Kew, London, ina mengi kuliko familia zinavyotarajia. Maafisa wa ujasusi walifika penye mabaki, wakaandika alama za ndege, silaha, na maneno ya waliotekwa; taarifa hizo ziko katika mfululizo wa AIR 40. Katika WO 208 kuna maandishi ya mazungumzo ya wafungwa yaliyorekodiwa kwa siri, kwa vinasa sauti vilivyofichwa vyumbani mwao. Humo watu walisimuliana ambayo hawakumwambia afisa yeyote: hofu, majigambo, na mambo waliyowafanyia raia. Ukifungua kurasa hizo, usizifungue peke yako usiku.

Kwa makaburi, ulizeni Volksbund, chama kinachotunza makaburi ya vita ya Wajerumani, ambacho orodha yake ipo kwenye intaneti. Msishangae picha ya kaburi ya miaka ya 1950 ikionyesha makaburi ya kanisa fulani kijijini, na leo hapo hakuna kitu. Kwa makubaliano ya 1959 kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi, wengi waliozikwa Uingereza walihamishiwa Cannock Chase, Staffordshire, makaburi yaliyozinduliwa 1967 na yenye watu karibu 5,000.

Kuna orodha moja zaidi. Daftari la babu lilikuwa na Feindflug ya usiku wa 14 Novemba 1940, na pembeni jina la mji: Coventry. Usiku ule zaidi ya watu 500 waliuawa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya raia wa Uingereza waliokufa kwa mashambulizi, imepangwa kwa miji, na majina mengi yana umri na anwani. Kwa Rotterdam, Belgrade au mji mwingine, ulizeni hifadhi ya nyaraka ya mji wenyewe. Naamini kwa dhati kwamba familia inayosoma saa ya kuruka na saa ya kutua inapaswa kusoma pia yaliyotokea katikati.

Nilimuuliza mama yule kama angependa kuiona orodha ya Coventry siku hiyo au siku nyingine. Alivaa miwani, akavuta kiti. Alisoma kwa sauti ya chini, jina na umri, jina na umri, na kila alipofika kwa mtoto alisimama kidogo kabla ya kuendelea. Alipofikisha kurasa tatu aliomba kalamu. Barua ya Berlin tuliiandika jioni hiyohiyo, ikiwa na majina manne: la babu, la rubani, na ya wengine wawili ambao mpaka asubuhi ile nyumbani kwao hakuna aliyekuwa amewahi kuyasikia.