Je, wajua kwa nini kikao chako na Marekani huhama saa nzima wakati saa ya Mwanza haijaguswa?

Chukua mtu anayekaa Nyegezi, hapa Mwanza, anayejibu wateja wa kampuni ya New York kwa kompyuta. Tangu katikati ya Machi kikao chake cha kila Jumatatu kinaanza saa 11 jioni. Akimaliza saa 12 bado kuna mwanga, anashuka sokoni, anawahi sato kabla wauzaji hawajafunga. Halafu inafika Novemba. Jumatatu moja anafungua kompyuta saa 11 kamili na kukuta hakuna mtu. Kikao sasa ni saa 12. Hakuna aliyemwandikia, hakuna aliyegusa ratiba, na saa ya ukutani kwake inaenda vilevile kama jana.

Jibu fupi ni kwamba kikao kina kwao. Unapokiingiza kwenye kalenda ya kompyuta, kalenda hairekodi saa peke yake, inarekodi na mahali saa hiyo inapohesabiwa. Kikao hiki kimeandikwa “saa 4 asubuhi, New York”. Kwa wenzake wa New York hakijawahi kuhama hata dakika moja. Kilichohama ni New York yenyewe.

Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi, kisha huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ndiyo sheria inayotumika tangu 2007. Mwanza iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, mwaka mzima. New York iko saa nne nyuma ya UTC wakati wa joto, na saa tano nyuma wakati wa baridi. Piga hesabu: tofauti yetu nao ni saa 7, halafu inakuwa 8. Hiyo saa moja ndiyo iliyomla sato.

Mchezo huu wa kusogeza saa ulianza kitaifa Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Walitaka kubana makaa ya mawe: watu wakiamka mapema wakati jua limeshatoka, jioni watawasha taa kwa muda mfupi zaidi. Uingereza ilifuata mwezi uliofuata, Marekani mwaka 1918. Kwa nchi za kaskazini hoja ina mantiki, maana London mchana wa Juni unapita saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8. Mwanza, iliyo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote vinapishana kwa kama robo saa. Ukisogeza saa hapa utakuwa umeokoa nini?

Si kwamba saa yetu inafuata jua barabara. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nchi zilizo saa tatu mbele zinahesabu kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Ndiyo maana jua linatufika utosini, kwa wastani, saa 6 na dakika 48 mchana, na karibu saa 1 kasorobo asubuhi ndiyo kwanza linachomoza. Dar es Salaam inatutangulia kwa karibu dakika 25. Rwanda na Burundi walichagua kuwa saa mbili mbele tu, kwa hiyo ukivuka mpaka wa Rwanda pale Rusumo unarudisha saa nyuma. Uganda na Kenya, upande wa pili wa ziwa, tuko nao pamoja. Hata kompyuta haina haja ya kututofautisha: ukiweka mipangilio ya saa kwenye Windows utaambiwa uchague “Nairobi”, na uchague tu bila kinyongo.

Ulaya nayo inahama, ila kwa tarehe zake: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 10 alfajiri kwa saa zetu, nchi zote za Umoja wa Ulaya kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo balaa linapozaliwa. Kati ya tarehe ya Wamarekani na ya Wazungu mwezi Machi kuna wiki mbili au tatu, na mwisho wa Oktoba kuna wiki moja. Mwaka 2025, kwa mfano, New York ilihama tarehe 9 Machi na London tarehe 30. Katika wiki hizo tatu London na New York, ambazo kwa kawaida hupishana saa tano, zilipishana nne. Mtu wa Mwanza mwenye kikao cha London na kingine cha New York siku hiyohiyo anaona kimoja kimesogea na kingine kimebaki, vinagongana. Ukiwa na kazi za namna hii, wiki hizo zizungushie wino mwekundu.

Hadithi inakolea timu ikiwa pana zaidi. Tuseme wako watatu: mmoja California, mmoja Mwanza, mmoja Sydney. Kikao kimefungwa saa 5 asubuhi ya California. Januari, Mwanza ni saa 4 usiku, na Sydney ni saa 12 asubuhi ya kesho yake. Siyo starehe, lakini inavumilika. Ikifika Julai, California imesogeza saa mbele, kwa hiyo Mwanza tunapata nafuu: saa 3 usiku. Lakini Sydney iko kusini mwa dunia, Julai kwao ni baridi, na saa zao walisharudisha nyuma. Yule mwenzetu sasa anaamka saa 10 alfajiri. California ilihama saa moja, Sydney ikahama nyingine kinyume chake, na zote mbili zimemwangukia yeye. Ukimwona kamera imezimwa, usimlaumu.

Sehemu nyingine hazina vurugu kabisa. India wako saa mbili na nusu mbele yetu mwaka mzima, Nepal saa mbili na dakika 45, Japani saa 6. Hiyo ya Japani ina utamu wake: kwa sababu nasi tunahesabu saa kuanzia macheo, kwa tofauti ya saa sita, ukisema Mwanza ni saa 3 asubuhi, mshale wa saa Tokyo unaelekea 3. Ukiwa na saa iliyofuata Tokyo unaweza kuisoma kwa Kiswahili bila kujumlisha wala kutoa.

Mwili, kwa upande wake, hauna kalenda ya kubadilisha. Ubongo unapanga usingizi kwa kupima mwanga unaoingia machoni, na mwanga wa usiku, wa kioo cha kompyuta ukiwemo, unachelewesha homoni ya melatonini inayoandaa usingizi. Anayemaliza kazi ya California saa 9 usiku ana saa nne hivi za giza, kisha jua la Mwanza linapiga bati na chumba kinakuwa tanuri kabla ya saa 4 asubuhi. Wavuvi wa dagaa nao hukesha ziwani na taa zao, lakini wao wana mwezi: mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa vizuri, mitumbwi inapumzishwa, watu wanalala. Kazi ya mtandaoni haina mbalamwezi. Mapazia mazito ni gharama ya kazi, yahesabu pamoja na bando.

Kwa maoni yangu jambo la kuomba siyo kikao kiwe mchana kwetu, maana hilo mara nyingi haliwezekani. Omba kifungwe kwenye UTC, au kizunguke, mwezi huu mmoja aumie, mwezi ujao mwingine. Kwa kawaida kikao hukaa kwenye saa ya anayelipa, na ndiyo maana huyo hashtuki kamwe Novemba. Na unapoandika muda, andika 17:00 EAT, yaani saa ya Afrika Mashariki, usiandike “saa 11 jioni” halafu ukamwachia mgeni atafsiri.

Je, yataisha? Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kuacha kusogeza saa ifikapo 2021, ila serikali hazikukubaliana na mpango ukalala. Seneti ya Marekani ilipitisha Machi 2022 muswada wa kubaki na saa za joto daima, na Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Wamarekani wakiurudia na kuupitisha, kikao chetu kitabaki saa 11 jioni. Pendekezo la Ulaya liliacha kila nchi ichague yenyewe saa ya kubaki nayo, kwa hiyo mwenye wateja Berlin na Paris angeweza kujikuta anakariri saa mbili pale alipozoea moja.