Tochi za LED za bei nafuu: shida kubwa ni mwale

Ukitaka kuijua tochi, usianze na maandishi ya kwenye boksi. Zima taa za chumba, simama mita mbili hivi kutoka kwenye ukuta mweupe, iwashe, kisha tazama umbo la mwanga. Nyingi za bei ya chini huumbuka hapo hapo: katikati doa la giza, kulizunguka pete moja au mbili, na rangi inayohama kutoka bluu hadi manjano kadiri unavyoelekea ukingoni.

Kazi yangu ni kupima na kutengeneza taa za mkononi. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Inaumiza macho, lakini sioni kitu." Mlalamikaji huwa amesema kweli. Mwanga upo, ila umemwagwa ovyo.

Doa la giza katikati lina sababu moja ya kawaida. Kikombe kinachong'aa nyuma ya taa kimechongwa ili mwanga unaotoka kwenye nukta moja tu, fokasi yake, uende mbele ukiwa umenyooka. LED ikikaa juu au chini ya nukta hiyo hata kwa sehemu ya milimita, mwale unatoboka katikati. Ikikaa upande, mwale unapinda. Kiwandani, kuipanga LED sawasawa kunahitaji kipete kidogo cha plastiki na mtu wa kukagua. Hapo ndipo gharama inapokatwa kwanza, na kwangu hilo ni jambo la kusikitisha, maana kipete chenyewe ni kitu cha thamani ndogo mno.

Kuhusu rangi: LED nyeupe kwa asili ni LED ya bluu iliyopakwa tabaka la fosfa ya manjano, unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa wa manjano. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya bluu yenye ufanisi. Mwanga unaotoka moja kwa moja mbele hupita kwenye fosfa kidogo, unaotoka kwa mshazari hupita kwenye fosfa nyingi zaidi, ndiyo maana katikati huwa bluu na pembeni manjano. Tabaka likipakwa bila uangalifu, tofauti hiyo inakuwa kubwa. Zaidi ya hapo, LED hizi zina upungufu wa mwanga mwekundu. Jaribu kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu kwa tochi ya namna hiyo. Kwa fundi umeme hiyo ni hatari kabisa.

Zile za kuvuta kichwa mbele na nyuma zinatumia lenzi badala ya kikombe. Ukivuta hadi mwisho, unachokiona ukutani ni picha ya LED yenyewe, mraba mkali usio na mwanga wa pembeni, na sehemu kubwa ya mwanga imeishia ndani ya bomba. Ukirudisha kichwa unapata duara pana, laini, lililo sawa kila mahali. Kwa kazi ya karibu duara hilo ni zuri sana, na sioni haya kuzisifia tochi hizo kwa hilo.

Kisha kuna namba. Boksi linadai lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi) kutoka betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji yenye umbo la mche duara. Hesabu ni fupi: LED nzuri ikisukumwa kwa nguvu hutoa takribani lumeni 100 kwa wati, kwa hiyo zinahitajika wati 100. Betri bora ya ukubwa huo, ya mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ina kama saa-wati 12.6. Hata ingeweza kutoa umeme wote huo, isingemaliza dakika nane, na bomba lisingeshikika kwa joto. Betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 nayo ni uongo mtupu.

Hata lumeni za kweli hazikuelezi mwanga unafika wapi. Kinachoeleza hilo ni kandela, yaani ukali wa mwale kuelekea upande mmoja. ANSI FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, huhesabu umbali hadi pale mwanga unaoangukia kitu unapobaki luksi 0.25, karibu na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Mita 200 zinahitaji kandela 10,000. Ukitaka mita 400, unahitaji 40,000, mara nne. Tochi ya lumeni 200 yenye mwale uliopangwa vizuri itakuonyesha njia kuliko ya 600 iliyotawanyika.

Kama tayari unayo yenye pete na doa, bandika juu ya kioo kipande cha plastiki nyembamba yenye ukungu. Pete zitafutika na rangi zitachanganyika. Utapoteza umbali, lakini kwa kusoma, kupika au kufungua injini, umbali huuhitaji. Na kama kichwa kinafunguka, jaribu kukilegeza robo mzunguko huku ukitazama ukutani: katika baadhi ya tochi kikombe husogea pamoja nacho, na doa la katikati hufumba lenyewe.