Hewa ya ukaa na maamuzi ya mwaka 1973

Ninapowauliza wanafunzi wangu wa uchumi wa nishati kwa nini nchi moja hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko nyingine, wengi hutaja wingi wa watu, kisha utajiri. Hawajakosea. Mjapani Yoichi Kaya alionyesha kwamba kiasi hicho hupatikana kwa kuzidisha mambo manne: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayohitajika kuzalisha pato hilo, na hewa ya ukaa inayotoka katika kila kipimo cha nishati. Mawili ya kwanza hujadiliwa hadi kwenye vibaraza vya kahawa. La nne, ambalo kwangu ndilo lenye visa vingi zaidi, husahauliwa.

Tazama Ufaransa na Ujerumani, majirani wasiopishana sana kwa kipato. Mwaka 2023 Mjerumani alitoa kwa wastani takriban tani 7, ilhali Mfaransa alitoa kama tani 4. Ni kweli kwamba Ujerumani ina viwanda vizito zaidi, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na umeme: Ujerumani bado inachoma makaa ya mawe, nayo Ufaransa hupata takriban theluthi mbili ya umeme wake kutoka kwenye nyuklia. (Hesabu hizi huandika moshi kwa jina la nchi ulikotokea; kwa mfano, Uswisi ikihesabiwa kwa bidhaa inazotumia, pamoja na zilizotengenezwa ng'ambo, kiwango chake huzidi mara mbili.)

Nyuklia ya Ufaransa haikujengwa kwa ajili ya tabianchi. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, serikali ya Pierre Messmer, ikiwa haina mafuta yake wala makaa ya kutosha, iliamua mwaka uliofuata kujenga mitambo ya nyuklia kwa wingi. Mshtuko huohuo uliipeleka Afrika Kusini upande mwingine kabisa. Ikiwa na makaa tele na ikiogopa vikwazo vya mafuta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ilijenga kule Secunda kiwanda kikubwa cha kugeuza makaa kuwa petroli na dizeli, na umeme wake hadi leo hutegemea makaa kwa zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana mkazi wa Afrika Kusini, ambaye kipato chake ni kidogo mara kadhaa kuliko cha Mjerumani, hutoa zaidi ya tani 6 kwa mwaka. Mtambo wa umeme hudumu miaka 40 au zaidi, na ukishalipiwa ni vigumu kumshawishi mwenye nao auzime.

Kenya nayo ilianza kuvuna jotoardhi la Olkaria mwaka 1981, na sasa karibu asilimia 90 ya umeme wake hautokani na mafuta wala makaa. Hata hivyo, nisingependa Olkaria ipewe sifa zote za kiwango cha Kenya, ambacho hakifiki nusu tani kwa mtu. Wengi hawana gari wala friji, na moshi wa kuni na mkaa wanaopikia hauingizwi kabisa katika safu hizi za takwimu, bali huhesabiwa kando, pamoja na misitu.